Uzio Kwanza, Mnyama Baadaye

Mibirizi haijawahi kuogopa kitu kigeni. Wamisionari wa Kikatoliki waliofungua parokia hapo mwaka 1903, kwenye vilima vya kusini-magharibi mwa Rwanda, hawakukaa sana kabla ya kuanza kupanda kahawa. Aina moja waliyoikuza, iliyotoka Guatemala, mpaka leo imo katika vitabu vya kilimo kwa jina la kijiji hicho. Itaje Mibirizi mbele ya mtaalamu wa kahawa, awe Nairobi au Brazil, atakwambia ni aina ya arabika iliyo jamaa ya bourbon. Huenda hajui kabisa kwamba ni mahali penye kanisa, hospitali na watu wanaoteremka mjini Kamembe siku ya soko.

Kwa hiyo mtu wa Mibirizi akiuliza leo kama anaweza kufuga elki wa Amerika, au ayala wekundu wa Ulaya kama wanavyofugwa New Zealand, hana sababu ya kuchekwa. Babu yake aliletewa mti kutoka upande wa pili wa dunia na mti ukashika. Swali ni zuri. Jibu lake ni hapana, lakini sababu za hapana hiyo zinafundisha mengi kuhusu ufugaji wa wanyamapori katika eneo lote la Afrika Mashariki, ndiyo maana nimelipa sura nzima.

Ayala, na elki ni mmoja wao, ni wanyama wa jamii yao peke yao. Swala, pofu na pongo wetu wana pembe za kudumu, zikishaota mnyama hufa nazo kichwani. Ayala dume humwaga pembe zake kila mwaka, kisha nyingine huota upya zikiwa laini, zimefunikwa ngozi yenye manyoya mafupi kama mahameli, zimejaa damu. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Afrika nzima ina aina moja tu ya asili, kwenye milima na misitu ya Algeria na Tunisia. Hizo pembe changa ndizo zilizowatajirisha wengi, kwa kuwa huko Korea na China hununuliwa kwa bei kubwa kama dawa. Nyama huenda Ulaya, na kwa miaka mingi Ujerumani ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu.

Hadithi ya New Zealand ni ya kushangaza kidogo. Waingereza waliwapeleka ayala wekundu huko kuanzia mwaka 1851 ili wawe na kitu cha kuwinda. Elki walifuata mwaka 1905, zawadi ya Rais Theodore Roosevelt wa Marekani. Hawakukuta simba wala chui wala fisi. Wakazaana, wakala misitu hadi milima ikaanza kuporomoka, na serikali ikalazimika kuajiri watu wa kuwaua kwa maelfu. Ilipofika miaka ya 1960 waliwindwa kutoka kwenye helikopta. Baadaye mtu akagundua kwamba ayala aliye hai ana thamani kuliko mzoga, basi wale wale wapiga risasi wakaanza kuwarukia migongoni au kuwatupia nyavu kutoka angani. Sheria ikabadilishwa mwishoni mwa muongo huo, na leseni ya kwanza ya shamba ikatolewa mwaka 1970. Kufikia mwanzoni mwa karne hii mashamba yalikuwa na ayala zaidi ya milioni moja na nusu. Mnyama aliyekuwa mharibifu kisheria akawa mali kisheria, na nitaurudia mpito huo wa kisheria kwa sababu ndio unaokosekana kwetu.

Tumpeleke sasa elki huyo Mibirizi. Jambo la kwanza litakalomshinda wengi hawalifikirii, nalo ni jua. Mibirizi iko kama nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote mwaka mzima haifiki dakika ishirini, mfugaji mwenyewe hawezi kuiona. Elki na ayala wekundu wametoka kwenye nchi ambako mchana wa kiangazi unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa majira ya baridi, na mwili wao wote unaendeshwa na badiliko hilo: lini pembe zidondoke, lini ziote, lini dume apandwe na wazimu wa kutafuta majike, lini jike awe tayari. Mtafiti Mmarekani Richard Goss aliwahi kuwaweka ayala aina ya sika kwenye mwanga wa saa 12 na giza la saa 12 kila siku bila kubadilisha. Pembe zikabaki kichwani, hazikudondoka na kuota upya kwa mzunguko wake. Saa zao za ndani zilikosa kitu cha kuzisukuma. Hayo aliyoyapanga Goss ndani ya banda kwa taa na pazia, Mibirizi inayo bure kila siku ya Mungu. Na mfugaji aliyetegemea kuuza pembe changa Korea atakuwa amenunua bidhaa isiyokuja.

La pili ni kondoo wa jirani. Wamaasai wanajua kwamba nyumbu wanapozaa, ng'ombe lazima wahamishwe mbali, kwa kuwa ndama wa nyumbu hutoa kirusi kinachoua ng'ombe huku nyumbu wenyewe wakiwa wazima. Kirusi ndugu yake hukaa ndani ya kondoo bila kuwadhuru, nacho huwaua ayala kwa urahisi wa kutisha. Katika vilima vya Rusizi, wilaya ya Mibirizi, ni vigumu kutembea mwendo wa dakika kumi bila kukuta kondoo wawili au watatu wamefungwa kando ya njia. Hakuna chanjo ya kutegemewa.

La tatu sitalikawiza. Mwaka 1967, katika mabanda ya utafiti ya Fort Collins, Colorado, ayala walianza kukonda, kudondosha mate na kutembea kama walevi hadi wakafa. Ugonjwa huo unaletwa na prioni, protini iliyopinda vibaya, na unabaki kwenye udongo kwa miaka. Ulisafiri na biashara ya elki wa mashambani: ulifika Saskatchewan, Canada, na kutoka Canada ukafika Korea Kusini ndani ya elki walionunuliwa kwa ajili ya pembe. Ofisa wa mifugo atakayetia saini kibali cha kuingiza elki Rwanda, kilomita chache kutoka Msitu wa Nyungwe, mimi nitakuwa wa kwanza kumlaumu.

Wapo ayala wa nchi za joto, na hapa ndipo mshabiki wa ufugaji huu hupata hoja ya maana. Mwaka 1639 Waholanzi waliokuwa wakitawala Mauritius walileta rusa, ayala wa kisiwa cha Java. Wameishi hapo karibu miaka mia nne. Leo kuna makumi ya maelfu yao, wengi wakiwa kwenye ardhi ya mashamba makubwa ya miwa na kwenye misitu inayokodishwa kwa uwindaji, na nyama yao ndiyo nyama nyekundu inayozalishwa kwa wingi zaidi kisiwani. Hawana mwiko kwa Muislamu wala kwa Mhindu asiyekula ng'ombe, na hilo limewasaidia sokoni kuliko tangazo lolote. Bahari ni hii hii yetu, hali ya hewa si ngeni, kwa hiyo hakuna wa kusema ayala hawezi kufugwa upande huu wa dunia.

Ila tazama ni nani anayewafuga Mauritius. Ni makampuni na familia zenye mamia ya hekta, ambazo zilikuwa na mabonde na miteremko isiyofaa kwa miwa na zikatafuta cha kuiwekea. Isitoshe, rusa hula miche ya miti ya asili kabla haijafika kimo cha goti, na Mauritius imebakiwa na kipande kidogo tu cha msitu wake wa asili. Nyungwe ina kilomita za mraba 1,019 na tangu 2023 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kipande chake cha Cyamudongo, kilichozungukwa na mashamba ndani ya wilaya hii hii ya Rusizi, ni cha hekta mia chache tu na bado kina sokwe. Rusa kumi wakitoroka usiku mmoja wa mvua hakuna atakayewarudisha. Msitu huo umeshapoteza nyati wake, na tembo wake wa mwisho aliuawa mwaka 1999. Hauhitaji mlaji mpya.

Basi tuwaache wageni, tuwatazame wa kwetu. Wazo kwamba Mwafrika angefuga pofu na swala badala ya kuhangaika na ng'ombe wanaokufa kwa ndigana na nagana lilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Wamarekani wawili, Raymond Dasmann na Archie Mossman, walipopima wanyama wa ranchi moja huko Rhodesia na kusema kwamba nyama ya porini ingelipa kuliko ng'ombe kwenye ardhi kavu. Pofu hasa aliwavutia watu. Ni mkubwa kama fahali, mpole akizoeshwa mdogo, na huko Askania Nova, Ukraine, majike yake yalikuwa yakikamuliwa tangu miaka ya 1940. Maziwa yake yana mafuta mengi kupita ya ng'ombe.

Jaribio lililonigusa zaidi ni la Kenya, kwenye Ranchi ya Galana, mashariki ya Tsavo, ardhi ya karibu ekari milioni moja na nusu ambayo ng'ombe huiona kama adhabu. Miaka ya 1970 watafiti waliwaweka pofu, nyati na choroa chini ya wachungaji. Asubuhi wanyama hutolewa bomani, mchana wanachungwa kwa fimbo na mluzi, jioni wanarudishwa ndani ya miiba. Choroa ndiye aliyewashangaza watu. Mnyama mwenye pembe mbili zilizonyooka kama mikuki, anayeweza kumtoboa simba, alikubali kuingia bomani na wenzake jioni na kulala. Alihitaji maji kidogo kuliko ng'ombe wa hapo, na wakati wa jua kali alistahimili joto ambalo ng'ombe hulilipia kwa jasho na kiu. Ukiziangalia picha za choroa wakitembea kwa mstari mbele ya mchungaji, unaanza kujiuliza kwa nini babu zetu hawakufanya hivyo miaka elfu nne iliyopita.

Mwingine aliyejaribu ni David Hopcraft, Mkenya mwenye asili ya walowezi aliyesomea Chuo Kikuu cha Cornell. Kwenye ranchi yake ya ekari kama 20,000 katika nyanda za Athi aliwalinganisha swala na ng'ombe kwenye malisho yaleyale, akaja na hoja kwamba swala hutoa nyama halisi zaidi kwa ekari. Sababu zake ni za kawaida kabisa. Ng'ombe huenda majini kila siku kwa njia ileile mpaka nyasi zinakuwa vumbi, swala granti anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa. Ng'ombe anahitaji kuogeshwa, swala haogeshwi. Kongoni anakula nyasi ambazo mwenzake ameziacha. Alizungusha uzio, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanza kuvuna kwa kibali: usiku, kwa gari na taa kali, risasi moja, mnyama anaanguka kabla hajajua. Nyama iliishia kwenye hoteli na mikahawa ya Nairobi, na watalii wakajipiga picha wakila pundamilia.

Ule usiku na ile risasi moja havikuwa mbwembwe. Mnyamapori anayekimbizwa mchana mpaka akamatwe kwa mikono anaweza kufa hata kama hajapata jeraha: misuli yake huharibika kwa hofu na kuchemka, mkojo unakuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, miguu ya nyuma inakaza, na baada ya saa chache au siku mbili amekwisha. Mbuzi hukimbizwa na watoto kila siku na hafi. Tofauti hiyo moja inaeleza gharama nyingi za biashara hii.

Yote hayo yakaishia wapi? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi na pembe, na Galana ikapoteza mapato ya wawindaji. Uvunaji wa nyama uliendelea kwa vibali vya majaribio, ukatathminiwa, ukaonekana una mianya mingi ya kuficha ujangili, na mwaka 2003 ukasimamishwa. Mkahawa maarufu wa Carnivore ukabaki na mbuni na mamba. Wapo wanaosema Kenya ilikosea, wapo wanaosema iliwaokoa wanyama wake. Mimi naona pande zote mbili zinagombania swali lilelile: mnyama huyu ni wa nani?

New Zealand ilijibu kwa leseni. Afrika Kusini ilijibu mwaka 1991 kwa sheria inayosema, kwa ufupi, kwamba ukiwa na uzio wa kutosha uliothibitishwa, mnyama aliye ndani ni wako, na hata akitoroka anabaki wako. Baada ya hapo ranchi za wanyamapori zikaongezeka kwa maelfu. Kenya, Tanzania na Rwanda zilishika msimamo kwamba mnyamapori ni wa umma chini ya ulinzi wa serikali, popote anapolala. Tanzania imelegeza: sheria ya mwaka 2009 inatambua mashamba na ranchi za wanyamapori, na mwaka 2020 zikatoka kanuni za mabucha ya nyamapori, ili mwananchi ale nyama hiyo akiwa na risiti. Lakini serikali zina kumbukumbu. Mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya mia, twiga wakiwemo, walipandishwa ndege Uwanja wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar, na Watanzania mpaka leo wanauliza ilikuwaje twiga akapita forodhani. Ofisa anayekumbuka sakata hilo hatoi kibali cha kumiliki mnyama hai kwa tabasamu.

Tufike sasa kwenye hesabu ya Mibirizi, ambayo mfugaji anaweza kuifanya kwa kijiti kwenye udongo. Familia nyingi za hapa zina ardhi isiyofika nusu hekta. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 500 kwa kilomita ya mraba nchini Rwanda. Chukua nusu hekta ya mraba. Kila upande ni kama mita 71, kwa hiyo uzio wote ni mita 283. Chukua ranchi ya hekta 100: uzio wake ni kilomita nne. Mwenye ranchi analipia mita 40 za uzio kwa kila hekta, wewe unalipia mita 566. Ni mara kumi na nne. Na uzio wenyewe si wa mbuzi: kwa elki ni mita 2.4 kwenda juu, na pofu, pamoja na uzito wake wote, huruka mita mbili bila kujinyoosha sana. Nguzo zisimame kwenye mteremko ambao mvua ya Aprili huulainisha kama uji. Ukishamaliza, ndani ya nusu hekta hiyo pofu mmoja atamaliza majani kabla hujamaliza deni.

Rwanda yenyewe inajua bei ya uzio. Hifadhi ya Akagera, iliyopunguzwa zaidi ya nusu mwaka 1997 ili wakimbizi waliorejea wapate pa kuishi, ilizungushiwa upande wa magharibi uzio wa umeme wa kilomita 120 uliokamilika mwaka 2013. Kabla ya hapo nyati na tembo walikuwa wakiingia mashambani usiku. Simba walirudishwa mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017, baada ya uzio. Huo ni mradi wa serikali na shirika la African Parks, wenye askari, magari na wafadhili.

Ajabu ni kwamba Mibirizi ina uzio wake tayari, na umekaa mahali tofauti. Kuchunga ovyo kumekatazwa, kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani na majani yanamfuata. Asubuhi mama anapita kwenye kingo za matuta, anakata mabingobingo yaliyopandwa kuzuia mmomonyoko, anayafunga kwa mgomba uliochanwa, anayabeba kichwani mpaka bandani na kuyakatakata kwa panga. Mkojo unateremka kwa mfereji mdogo hadi shimoni, samadi inaenda kwenye mibuni. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006, umesambaza ng'ombe kwa mtindo huo, na ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Mnyama yeyote atakayefugwa Mibirizi lazima akubali maisha hayo: kusimama, kuletewa, kutogombana. Choroa wa Galana alikubali boma la usiku tu. Mchana alihitaji kilomita. Pofu vivyo hivyo. Funo wa Nyungwe ni mdogo wa kutosha, lakini huishi wawili wawili, huzaa mtoto mmoja kwa mimba, na hofu humwua.

Aliye na umbo linalofaa ni ndezi. Huko Benin watu wamemfuga kwenye mabanda ya matofali tangu miaka ya 1980, dume mmoja na majike kadhaa, akilishwa hayo hayo mabingobingo na mabua ya mahindi. Mimba ni miezi mitano, wanazaliwa kama wanne wenye macho wazi na manyoya, na nyama yake Afrika Magharibi huuzwa ghali kuliko ya ng'ombe. Ndezi yupo pia kwenye mabonde ya matete ya Afrika Mashariki. Kasoro yake ni kwamba bado ni mnyamapori: kumkamata ili uanze naye bila kibali ni kosa, na anayetaka kujaribu aanzie ofisini Kigali, asianzie bondeni na mtego. Pia ajiulize nani Kamembe atamnunua, kwa kuwa wengi watamwona panya mkubwa. Wakati anasubiri jibu la barua yake, sungura hawahitaji kibali cha wanyamapori, wanazaa baada ya mimba ya siku kama 31 tu, na vizimba sita vya mbao vinakaa vizuri chini ya paa lilelile la banda la ng'ombe.